Kuhamia simu ngumu ya vitufe: anza na majina

Ndugu, umeuliza kama mvuvi wa Dunga, Kisumu, anaweza kuacha simu ya kugusa akachukua ya vitufe isiyoingia maji, bila kupoteza M-Pesa wala namba za wateja. Anaweza, ila asitoe laini kwanza.

Kwenye Android, majina mengi hukaa kwenye akaunti ya Google. Ukihamisha laini tu, orodha inafika tupu. Ingia mipangilio ya majina, uyahamishie kwenye laini. Laini nyingi hubeba kama 250, na jina refu hukatwa: "Mama Samaki wa Jubilee" na "Mama Samaki wa Kibuye" (masoko ya Kisumu) yanaweza kufanana kabisa. Yafupishe kabla: "Jubilee Mama", "Kibuye Mama".

M-Pesa haina shida. Menyu imo ndani ya laini, au piga *334#. PIN ni ile ile. Kama tundu la laini la simu mpya ni kubwa, laini ndogo ivalishe adapta ya plastiki na uiingize polepole, maana ikinasa hukunja vipini vya chuma vya ndani ya simu, na fundi hapo atakulipisha.

Kuhusu maji, chagua yenye alama ya IP68, yaani kipimo cha kuzuia vumbi na maji. Adui ni kile kifuniko cha mpira cha tundu la chaji: kikilegea au kikishika mchanga, maji hupenya. Kifute kila jioni, na usichaji tundu likiwa na unyevu. Ifunge kamba pia, kwa sababu hata isiyoingia maji huzama.

WhatsApp iache kwenye simu ya zamani nyumbani. Ifungue mara kwa mara; akaunti isiyotumika siku 120 hufutwa.