Vitufe vitatu kwenye kioo cha gari, na geti lisilofunguka

SWALI: Shikamoo fundi. Tumenunua Range Rover iliyotumika kutoka Uingereza. Chini ya kioo cha kuangalia nyuma kuna vitufe vitatu na kapicha ka nyumba. Geti letu hapa Njiro ni la kuteleza kwenye reli, lina mota iliyotoka Afrika Kusini. Tumebakiwa na rimoti moja, nyingine mtoto aliitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Nilifuata kitabu cha gari: nikaisogeza rimoti karibu na kioo, nikabonyeza kitufe cha kioo na cha rimoti pamoja, taa ikaanza kumeremeta polepole kisha haraka haraka kama kitabu kinavyosema. Lakini geti halisogei. Fundi aliyeliangalia gari amesema kifaa kimekufa, tununue kioo kizima. Ni kweli?
Mama wa Njiro, Arusha

JIBU: Marahaba mama. Kioo msinunue. Hiyo taa iliyomeremeta haraka ndiyo inayoonyesha kwamba kifaa ni kizima. Kingekuwa kimekufa isingewaka, na kama kingeshindwa kuisikia rimoti yako ingeendelea kumeremeta polepole mpaka mkono uchoke. Mafundi wetu wana haraka sana ya kutangaza msiba. Kazi iliyobaki iko kwenye mota ya geti, na huko wengi hawapendi kwenda kwa sababu ni kuinama na kushika vumbi.

Kifaa chenyewe kinaitwa HomeLink. Ni rimoti tupu iliyojengwa ndani ya gari: inaisikiliza rimoti yako halisi, inashika masafa yake ya redio na namba inayotuma, halafu inahifadhi. Hakuna waya unaotoka kwenye gari kwenda getini wala intaneti. Kwa hiyo geti likigoma, ama gari halikusikia vizuri, ama geti limesikia na kukataa. Lako linakataa.

Linakataa kwa sababu rimoti ziko za aina mbili. Za zamani, na nyingi za bei rahisi, hutuma namba ileile kila unapobonyeza. Baadhi ukizifungua utakuta safu ya vijiswichi vidogo. Vikiwa vinane vya kupandisha na kushusha, namba zote zinazowezekana ni 256 tu. Hizo ndizo vijana wa vibanda vya funguo wanakukopia ukiwa umesimama, na gari nalo likishazisikia kazi imekwisha. Aina ya pili hubadilisha namba kila unapobonyeza. Mfumo mmojawapo maarufu wa namna hiyo, KeeLoq, ulibuniwa hukohuko Afrika Kusini miaka ya 1980, na mwaka 1995 ukauzwa kwa kampuni ya Microchip ya Marekani. Kwenye mota za aina hii, risiva ya geti, yaani kipokezi kinachosikiliza rimoti, ina orodha ya rimoti inazozitambua. Asiyekuwa kwenye orodha hafunguliwi, hata akija na namba iliyotengenezwa sawasawa. Gari lako limefundishwa kutuma, ila halijaandikishwa.

Thibitisha kwanza kabla ya kushika bisibisi. Kaa ndani ya gari, washa swichi bila kuwasha injini, kisha shikilia kile kitufe ulichokifundisha. Taa ikiwaka mfululizo bila kumeremeta, basi ni namba isiyobadilika na geti lilipaswa kufunguka. Ikimeremeta haraka kwa sekunde kama mbili kisha ikabaki imewaka, gari limetambua kwamba namba inabadilika na linasubiri kuandikishwa. Nadhani utaona hiyo ya pili.

Sasa njoo na mtu wa kukusaidia, maana kazi hii ina mbio kidogo. Zima umeme wa mota kabla ya kufungua kifuniko, na hakikisha hakuna mtoto wala mbwa aliyesimama kwenye njia ya geti. Ukifungua, usishangae kukuta sisimizi. Arusha hii wanapenda sana joto la bodi ya mota, ile sahani yenye vifaa vya umeme, hasa kipindi cha baridi cha Juni na Julai. Wanajaza udongo katikati ya vifaa na kutaga mayai juu yake, na mjusi anawafuata humohumo kuwala, akigusa sehemu mbili za umeme anabaki hapo amekauka. Safisha kwa brashi laini ya rangi iliyo kavu. Usipulize kwa mdomo, mate yana maji, na usimwage dawa ya wadudu ya maji juu ya bodi. Tundu walilopitia, mara nyingi ni pale waya unapoingilia, lizibe kwa silikoni.

Rudisha umeme. Tafuta kitufe cha kusajili rimoti. Kwenye mota nyingine ni kitufe kabisa kwenye bodi, kwenye nyingine ni chaguo ndani ya menyu ya skrini ndogo ya mota. Video nyingi za mtandaoni ni za Wamarekani wenye mota zinazoning'inia darini mwa gereji, wanakwambia utafute kitufe cha njano au cha zambarau. Usihangaike na rangi, fuata kitabu cha mota yako. Msaidizi akibonyeza na kukupigia kelele, una muda mfupi, mara nyingi nusu dakika. Wewe ukiwa kwenye kiti cha dereva, bonyeza kitufe cha kioo sekunde mbili, achia, rudia mara ya pili, na hata ya tatu. Geti likitikisika, limekuandikisha.

Likigoma bado, kuna mambo mawili ya kutazama kabla ya kukata tamaa. La kwanza ni betri ya hiyo rimoti yenu moja. Ikiwa dhaifu, geti linaweza kuisikia lakini gari likajifunza vibaya. Weka mpya, kisha futa kumbukumbu ya kioo kwa kushikilia vitufe viwili vya pembeni kwa pamoja, sekunde 10 hadi 20, mpaka taa imeremete haraka. Hapo achia mara moja, kisha fundisha upya. (Kufuta huku kunafuta vitufe vyote vitatu, kwa hiyo kusifanyike tena utakapofundisha kitufe cha pili.) Anza na rimoti sentimita tano kutoka kwenye vitufe, ukikosa isogeze mbali kidogo. Na kama rimoti yenu huacha kutuma baada ya sekunde chache, kitufe cha kioo usikiachie. Cha rimoti kibonyeze na kukiachia kila baada ya sekunde mbili mpaka taa ibadilike.

La pili ni kioo cha mbele. Baadhi ya Range Rover za Uingereza zina nyaya nyembamba kama unywele ndani ya kioo cha mbele, za kuyeyusha barafu. Huku kwetu hazina kazi, lakini zinapunguza mawimbi ya redio. Tinti yenye chembe za chuma inafanya vivyo hivyo. Sogea karibu na geti ujaribu.

Sasa niseme ambalo muuzaji wa gari hatakuambia. HomeLink haijui kila aina ya namba zinazobadilika. Kila mtengenezaji wa mota ana ufunguo wake wa siri, na kama wa mota yenu haumo kwenye kumbukumbu ya gari, mtasajili mpaka jua lizame. Hapo nunueni risiva ya pembeni ya megahezi 433.92 pamoja na rimoti yake, iwe ya aina ambayo gari linaikubali. Fundi ataipa umeme kutoka kwenye bodi ya mota, volti 12 au 24 kama risiva inavyotaka, halafu nyaya mbili za swichi yake atazifunga pale panapofungwa kitufe cha ukutani cha kufungulia geti. Mota haitajua tofauti. Rimoti yenu ya zamani itaendelea kama kawaida, na gari litaongea na risiva mpya. Ni kazi ya asubuhi moja.

Ila kama risiva hiyo ni ya namba isiyobadilika, ujue umeweka mlango wa uani wenye kufuli jepesi. Mtu mwenye rimoti ya kukopia akikaa karibu wakati unabonyeza, anaondoka na namba yako. Kwa nyumba yenye mlinzi mimi ningekubali. Kwa nyumba inayobaki tupu mchana kutwa, ningeendelea na rimoti ya mkononi na vitufe vya kioo vikae hivyohivyo.

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina Harrier niliyoagiza Japani, haina vitufe hivyo. Nimeona mtandaoni wanauza vioo vilivyotumika vyenye HomeLink kutoka Marekani. Naweza kufungiwa hapa Moshi?
Kijana wa Rau

JIBU: Kufungiwa unaweza, kinataka volti 12 yenye fyuzi na waya hasi wa kushika chuma cha gari, basi. Lakini sikushauri. Vifaa vingi vya zamani vya soko la Marekani vililenga mota za kwao, za megahezi 300 hadi 390, na mota nyingi zinazouzwa huku ziko 433.92. Utalipia usafiri wa kioo ambacho hakisikii rimoti yako.

Fanya hivi. Nunua rimoti ya ziada ya mota yako mwenyewe, isajili getini ikiwa bado nzima, uhakikishe inafanya kazi. Kisha mpe fundi umeme wa magari mwenye mkono mtulivu aifungue, aunganishe nyaya mbili nyembamba kwenye miguu ya kitufe chake, na azipeleke kwenye swichi ya kubonyeza kwenye dashibodi. Toyota nyingi zina vifuniko vitupu upande wa kulia wa usukani, sehemu ya swichi ambazo gari lako halikuja nazo. Hapo ndipo pake, haionekani hata kama imeongezwa.

Angalia sana umeme. Rimoti inayotumia betri bapa ya volti tatu ukiipa umeme wa gari moja kwa moja inaungua papo hapo. Na hata ile ya volti 12 usiiamini, kwa sababu injini ikiwaka umeme wa gari unapanda kupita 14. Weka kipunguza volti kidogo kinachotoa kiwango kilekile cha betri, na fyuzi ya ampia moja kabla yake. Umeme uchukue kwenye waya unaowaka ufunguo ukigeuzwa, si ule wa moja kwa moja. Hapo anayevunja dirisha la gari lililoegeshwa hawezi kubonyeza tu akaingia uani. Bodi ya rimoti ifunge kwa plastiki na uiweke juu, mbali na vyuma vya dashibodi. Ukiificha nyuma ya redio, itabidi ufike getini kabisa ndipo isikike.

SWALI: Fundi, nauza gari lenye vitufe vya geti. Mnunuzi ni mtu mwema, lakini je, ataweza kufungua kwangu?
Mzee wa Sakina, Arusha

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Ndiyo, ataweza, na yeyote atakayemuuzia baadaye pia. Futa kumbukumbu ya vitufe kama nilivyoeleza juu kwa mama wa Njiro, shikilia viwili vya pembeni, kabla hujakabidhi ufunguo. Gari likienda gereji kulala siku kadhaa fanya vilevile, kulifundisha tena ni dakika chache.

Lakini gari likiibiwa, kufuta kwenye gari hakuwezekani tena, na humo huenda kuna bima au barua yenye anwani yako. Siku hiyohiyo nenda kwenye mota ufute. Mota nyingine zinakuruhusu kuondoa rimoti moja tu. Yako ikiwa haina chaguo hilo, zifute zote, kisha usajili upya. Kusanya rimoti zote mezani kabla ya kuanza, pamoja na ya mpangaji wa nyumba ya nyuma. Huyo ndiye husahauliwa.