Buli la fedha limeanza kuwa manjano: acha kusugua

Swali: Nimerithi buli la chai lenye chapa ya EPNS chini. Lilikuwa jeusi, nikalisugua kwa dawa ya meno na ndimu. Weusi umetoka, ila mdomo na kingo za kifuniko zina umanjano uliofifia. Nitumie nini kuutoa?

Jibu: Usitumie kitu. Huo si uchafu, ni mwili wa buli wenyewe. EPNS ni fedha iliyopakwa kwa umeme juu ya mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, ufundi ambao akina Elkington wa Birmingham waliupatia hataza mwaka 1840. Tabaka hilo ni jembamba kuliko unywele, na mdomoni na kingoni ndiko huisha kwanza.

Watu hawataki kuelewa jambo hili: ule weusi ni fedha yenyewe iliyoungana na salfa ya hewani. Ukiukwangua umekwangua fedha. Dawa ya meno, majivu, stiliwaya, vyote ni msasa tu. Wauzaji wa maji ya "zamisha, toa, linang'aa" ndio wabaya zaidi: yana asidi, hula fedha na kujipenyeza kwenye viungio, ambako hayasuuziki.

Lioshe kwa maji ya uvuguvugu na matone mawili ya sabuni ya vyombo. Usilizamishe, maana mpini huwa na vipande vya mbao au pembe vya kuzuia joto, navyo hulegea. Likaushe papo hapo. Weusi ukirudi, tumia dawa laini ya kung'arishia fedha, kwa pamba, penye weusi tu. Madoa ya chai ndani: kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda katika nusu lita ya maji ya uvuguvugu, saa moja, suuza. Lifunge kwa kitambaa cha pamba. Gazeti hapana, na mpira hapana kabisa, una salfa.

Kupaka upya kunawezekana, lakini si kwa fundi wa mota anayekurudishia kromu akiita fedha. Muulize atapaka fedha ya unene wa mikroni ngapi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Buli la kutumika linataka 20 hivi. Na wenye vyombo visivyo na chapa hiyo, vinavyotoa wekundu wa shaba kingoni, wasikubali kabisa: huenda ni Sheffield ya kale, fedha iliyounganishwa na shaba kwa joto, na kuipaka upya kunaiondolea thamani.