Ukitaka kujua kinachopinda anga-wakati, anza na saa

Karibu kila mwanafunzi ninayemwelekeza fizikia huja na picha ileile ya anga-wakati (nafasi na wakati vikiwa kitu kimoja, ambacho kupinda kwake ndiko tunakokuita graviti, yaani uvutano): shuka la mpira limetandazwa, tufe zito limewekwa katikati, na gololi zinalizunguka. Mimi huwaambia waiweke kando mapema. Tufe linabonyeza shuka kwa sababu kuna graviti inayolivuta chini, kwa hiyo picha inaeleza graviti kwa kutumia graviti. Tena inaonyesha nafasi peke yake na kuusahau wakati, ilhali jiwe linapoanguka, karibu kazi yote inafanywa na kupinda kwa wakati.

Ndiyo maana nasema anza na saa. Saa iliyo karibu na ardhi huenda polepole kuliko iliyo juu. Zile za setilaiti za GPS zingeachwa bila marekebisho, zingezitangulia za ardhini kwa takriban mikrosekunde 38 kila siku: tofauti ya graviti inaziongezea 45, mwendo wao unazirudisha nyuma 7. Hesabu hiyo huwafungua watu macho kuliko mchoro wowote.

Sasa, ni nini kinachopinda anga-wakati? Wengi hujibu: tungamo, yaani wingi wa maada ya kitu. Si uongo, ila ni jibu lililokatwa katikati. Katika milinganyo ambayo Einstein aliikamilisha Novemba 1915, upande mmoja kuna mpindo, na upande wa pili kuna nishati, momenta (tungamo mara kasi), kanieneo (shinikizo) na mikazo, vyote kwa pamoja. Tungamo huingia humo ikiwa ni aina ya nishati, na kwa miili ya kawaida huwafunika wenzake wote kwa sababu c², yaani kasi ya nuru ikizidishwa kwa yenyewe, ni namba kubwa mno. Ukiichungulia protoni, chembe ya ndani ya kiini cha atomu, utaona mambo yamegeuka: tungamo za kwaki zake, yaani chembe ndogo zinazoiunda, zinachangia takriban asilimia 1 tu, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni nishati ya mwendo wao na ya nguvu inayowafunga.

Kanieneo ndiyo huwashangaza zaidi, na hapa nashauri usipite haraka. Ndani ya nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichobanwa mno cha nyota iliyolipuka, kanieneo inasukuma nje kuzuia nyota isiporomoke, lakini yenyewe pia inaongeza graviti. Kadiri nyota inavyojitetea, ndivyo mzigo wake unavyozidi. Tungamo ikivuka kikomo fulani, hakuna kanieneo ya kuiokoa. Hata mzunguko una mchango wake: chombo cha Gravity Probe B, kilichorushwa mwaka 2004, kilipima jinsi Dunia inavyoiburuta anga-wakati inapojizungusha.

Kwa asiyejua tensa, hesabu zinazotumika katika milinganyo hiyo, kuna njia ninayoipenda kuliko zote. Fikiria kundi dogo la chembe lenye umbo la tufe, limetulia, kisha liachie lianguke huru. Ujazo wake huanza kusinyaa kwa kiwango kinacholingana na msongamano wa nishati ya mahali hapo ukijumlisha kanieneo za pande zote tatu. Huo ndio mlinganyo wa Einstein, umesemwa kwa maneno. Kanieneo ikiwa hasi vya kutosha, jumla inageuka na chembe zinatawanyika. Hivyo ndivyo wanakosmolojia (wanasayansi wa ulimwengu mzima) wengi wanavyoeleza kuongezeka kwa kasi ya kutanuka kwa ulimwengu, jambo lililogunduliwa mwaka 1998 kwa kupima nyota zinazolipuka.

Njia hiyo inajibu pia swali ambalo lazima litakujia: kati ya Jua na Dunia ni kama patupu, mbona pamepinda? Mahali patupu, ujazo wa kundi lile la chembe hauanzi kusinyaa, ila umbo linavutika kuelekea Jua na kubanwa ubavuni. Mpindo wa namna hiyo hauhitaji kitu mahali ulipo; chanzo chake kiko kwingine. Mpindo wa namna hiyohiyo kutoka kwa Mwezi, ukisaidiwa na wa Jua, ndio unaofanya bahari ijae na kupwa. Na mpindo wa namna hiyo ndio uliosafiri kama wimbi zaidi ya miaka-nuru bilioni moja hadi ukanaswa na LIGO, vigunduzi vya mawimbi ya graviti vilivyoko Marekani, tarehe 14 Septemba 2015.