Ziwa halina uvimbe, mbona wanataka kunichukua kinyama cha kwenda kupima?

SUALI: Assalamu alaikum dokta. Mie nna miaka 47, nipo Chake Chake. Nilikwenda Dar kwa dada angu akanichukua kupima mamogramu, ile eksirei ya ziwa, basi tu kwa kuwa yeye hupima kila baada ya miaka miwili. Ripoti imeandikwa BI-RADS 4, ati kuna vidoa vyeupe ziwa la kushoto, wanataka nirudi wachukue kinyama. Nimejipapasa, wifi yangu nesi kanipapasa, hamna kitu na wala siumwi. Mama mkwe anasema saratani ikichokorwa ndo inaamka. Nifanyeje?

JAWABU: Waalaikumu salaam dada angu. Rudi Dar. Hiyo BI-RADS ni daraja za kuonesha picha ya ziwa inatia shaka ya saratani kiasi gani, na 4 maana yake ipo shaka, kinyama kipimwe.

Wifi hana makosa, ila mkono wake haufuti ripoti. Mkono mpaka uvimbe ufike sentimita moja au mbili ndo uushike, tena kwenye ziwa kubwa hata hapo unaweza kupita, picha inaona vitu vya milimita chache. Hivo vidoa ni chokaa, na vingi havina neno, umri tu. Lakini vikiwa vidogo vidogo kama punje za chumvi, vimejikusanya pahala pamoja au vimejipanga mstari na havifanani maumbo, daktari lazima ashtuke, kwa sababu saratani changa iliyo bado ndani ya mirija ya maziwa, ile wanayoiita hatua ya 0, mara nyingi hujionesha hivo hivo tu, haina uvimbe wala haiumi. Na ndo hiyo tunayoitaka tuikute!

Sasa itazame tena ripoti yako, mbele ya hiyo 4 pana herufi? 4A uwezekano wa saratani ni asilimia 2 mpaka 10, 4B ni 10 mpaka 50, 4C inapanda mpaka 95. Kama hawakuandika waulize, maana 4 peke yake ni pana mno, mtu anaweza kukosa usingizi bure.

Mama mkwe mpe heshima yake lakini hili usimfuate. Watu wameona fulani kakatwa kisha kafariki wakaunganisha, kumbe alifika hospitali ziwa lishafanya donda. Ni kweli seli chache huweza kusogea kwenye njia ya sindano, lakini haijaonekana kuwa wanaopimwa hivo wanakufa zaidi, na bila kinyama hakuna daktari atakayejua atibu nini.

Kwa vile hakishikiki, asikuchome mtu kwa kubahatisha. Uliza sindano itaongozwa na nini. Kwa vidoa vya chokaa inatakiwa mashine ya mamogramu yenyewe, maana altrasaundi mara nyingi haivioni. Unapigwa ganzi, inaingia sindano nene kidogo, milimita 2 hivi au zaidi, unasikia mlio wa “tak!” na kusukumwa, wanatoa vipande kadhaa. Hapo sasa, dada angu, sisitiza: vipande vipigwe eksirei kwanza kuhakikisha vile vidoa vimo, kwa sababu kama havimo jibu la “salama” halikuhusu wewe. Huacha na kipini kidogo cha titani kama alama, hakikudhuru. Wasipokuwa na mashine hiyo, huingiza waya mwembamba kwa kufuata picha halafu daktari wa upasuaji anaufuata kukata pale pale.

Kama unatumia aspirini au dawa yoyote ya kufanya damu iwe nyepesi waambie mapema, usiache mwenyewe tu. Na picha za mwanzo panda nazo boti, usibebe karatasi ya ripoti peke yake.

SUALI: Nna miaka 26, nipo Makunduchi, nimeshika kijivimbe, na mie nikapige mamogramu?

JAWABU: Umri wako tunaanza na altrasaundi, ziwa la kijana ni zito na mamogramu haioni vizuri ndani. Vingi kwa umri huo si saratani ila nenda wiki hii, na wakitaka kinyama wape.