Njia ya Inka hadi Inti Punku, lango la kale juu ya Machu Picchu, Peru: maswali yenu

Natua Cusco Jumatatu, safari ya siku 4 inaanza Jumanne. Nina mazoezi ya kutosha. Kuna shida?

Ipo, na swali hili mnalirudia kila msimu. Cusco, mji mnakoanzia, uko karibu mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Siku ya pili ya njia mnavuka Warmiwañusqa, sehemu ya juu kabisa ya njia, mita 4,215, baada ya kupanda takriban mita 1,200 kutoka kijiji cha Wayllabamba. Mazoezi hayaongezi oksijeni hewani, na mwenye pumzi nyingi huponzwa nazo kwa sababu huenda mbio.

Ukitua, shuka siku hiyohiyo hadi mji wa Ollantaytambo, mita 2,800 hivi, ulale usiku 2. Kisha kaa Cusco siku 1 au 2 kabla ya kuanza. Pombe iache. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaja, usipande zaidi. Mwenzako akianza kuongea ovyo, mwambie atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akiyumba, au akihema akiwa ameketi, ashushwe saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Kungoja kupambazuke ndiko kunakoua.

Majani ya koka si kinga ya ugonjwa huu wa mwinuko. Dawa ya acetazolamide ni kinga: kwa kawaida miligramu 125 mara 2 kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Muone daktari kwanza, hasa ukiwa na mzio wa dawa za salfa.

Tunaweza kwenda wenyewe, bila mwongozaji?

Hapana.

Nimebadilisha pasipoti baada ya kupata kibali cha njia. Nifanyeje?

Iarifu kampuni ya safari leo, na ubebe pasipoti zote mbili. Kibali kina namba ya pasipoti, nayo hukaguliwa getini. Nanyi mnaotafuta kibali wiki mbili kabla ya safari: nafasi ni 500 kwa siku, wapagazi na waongozaji wakiwemo. Wageni hubakiwa na 200 hivi, na za Mei hadi Agosti huisha miezi mingi mapema. Februari njia hufungwa.

Magoti yangu ni mabovu. Fimbo zitasaidia?

Sana, hasa siku ya tatu. Kutoka magofu ya Phuyupatamarca hadi yale ya Wiñay Wayna mnashuka karibu mita 1,000, sehemu kubwa ni ngazi za mawe. Ongeza urefu wa fimbo sentimita 5 hadi 10, tanguliza fimbo zote mbili kwenye ngazi ya chini, ndipo ushushe mguu. Ncha lazima zivikwe mpira, maana chuma huharibu mawe ya Wainka. Matope huuvuta mpira ukatoka, kwa hiyo beba wa akiba. Kata kucha za miguu siku chache kabla na kaza kamba kwenye kifundo, la sivyo vidole vitagonga mbele ya kiatu hadi kucha zing'oke.

Kampuni moja inasema mpagazi atabeba chochote nitakacho. Kweli?

Ikimbie. Sheria ya Peru inaweka kikomo cha kilo 20 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke. Anayevunja hilo anavunja migongo ya watu, na wewe mgeni ndiye unayemlipa.

Tukifika Inti Punku tutaona jua likichomoza?

Msitegemee. Kizuizi cha ukaguzi cha Wiñay Wayna hufunguliwa saa 11:30 alfajiri, na kutoka hapo ni mwendo wa saa moja au zaidi. Mara nyingi mtakuta ukungu. Msikimbie gizani, njia ni nyembamba na upande mmoja ni genge. Fikeni, kaeni nusu saa. Jua likipanda ukungu huanza kuachia, na Machu Picchu inaonekana yote, mita 300 hivi chini yenu.