Vyanzo vya mtandaoni vya kujifunza usanifu wa grafiki: anza na herufi, programu zitafuata

Ndugu mwuliza swali, umesema kwamba umemaliza kidato cha sita, una kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 4, bando lako ni la kubana, na unataka kujua ni wapi mtandaoni unaweza kujifunza usanifu wa grafiki na taipografia (yaani upangaji wa herufi na maandishi kwenye ukurasa) bila kulipa ada ya chuo. Umeuliza pia kama cheti kina umuhimu. Wengi waliotangulia kukujibu wamekutajia programu za kupakua. Majibu yao si mabaya, ila mimi ninayeishi kwa kupanga vitabu, vipeperushi na kadi za mialiko hapa Dar es Salaam naona yameruka hatua ya kwanza. Programu yoyote hujifunzika kwa kuitumia kila siku. Kinachochelewa kuja ni jicho la kuona herufi zimekaaje kwenye ukurasa, na jicho hilo usipolitafuta kwa makusudi utafanya kazi miaka mingi bila kulipata. Kwa hiyo nitakutajia kwanza vyanzo vinavyolijenga.

Mahali ambapo ningekutuma kabla ya pengine popote ni Practical Typography, kitabu cha Matthew Butterick kilichowekwa mtandaoni tangu 2013 na kinachosomwa bure, ingawa mwandishi huwaomba wanaonufaika nacho wamlipe. Butterick ni msanifu wa fonti aliyesomea pia sheria na kuwa wakili huko Los Angeles, na maelezo yake yanamfaa mtu mwenye kazi mezani anayetaka kujua la kufanya sasa hivi. Sura yake ya utangulizi inakupa vipimo vya kushika: maandishi ya kawaida yawe pointi 10 hadi 12 kwenye karatasi na pikseli 15 hadi 25 kwenye skrini, umbali kutoka mstari hadi mstari uwe asilimia 120 hadi 145 ya ukubwa wa herufi, na mstari mmoja uwe na herufi 45 hadi 90, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Ukivitumia vipimo hivyo tu, bila kuongeza kingine chochote, kazi yako itasomeka kuliko vipeperushi vingi vinavyogawiwa mitaani. Kurasa zake ni za maandishi, kwa hiyo hazili bando kama video.

Hapa lazima nikuonye jambo ambalo vyanzo hivi havitakuambia, kwa sababu karibu vyote vimeandikwa na watu wanaopanga Kiingereza. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa kuwa nafsi, wakati na mtendwa vyote vimebebwa ndani ya kitenzi kimoja. Mstari wenye herufi 60 unaweza kuwa na maneno kumi au zaidi ya Kiingereza, lakini wa Kiswahili wenye urefu uleule ukawa na maneno manane tu, na maneno yakipungua, nafasi kati yake nazo zinapungua. Sasa ukiamuru programu inyooshe kingo zote mbili za aya, kama magazeti yanavyofanya, ziada ya mstari itagawanywa kwenye nafasi hizo chache, na matokeo yake ni matundu meupe yanayoshuka katikati ya safu. Tatizo huwa kubwa zaidi kwenye kipeperushi kinachokunjwa mara tatu, ambapo safu ni nyembamba na neno kama "wanaowahudumia" linachukua karibu nusu ya mstari.

Mtu akiona matundu hayo hukimbilia kuruhusu programu ikate maneno kwa kistari mwishoni mwa mstari. Programu ikiwa imeachwa kwenye lugha ya Kiingereza, itakata kwa kanuni za Kiingereza, na unaweza kukuta "nyum-ba" au "wanafun-zi", wakati silabi za Kiswahili zinataka "nyu-mba" na "wanafu-nzi". Ninachofanya mimi kwenye safu nyembamba ni kuzima ukataji wa maneno, kunyoosha ukingo wa kushoto peke yake na kuuacha wa kulia ujikate wenyewe. Kwenye kitabu chenye safu pana nanyoosha pande zote mbili, kisha napita ukurasa kwa ukurasa nikiweka vistari kwa mkono pale panapohitajika. Ni kazi ya subira, na hakuna video niliyoiona inayoifundisha kwa Kiswahili.

Chanzo cha pili ni mchezo mdogo uitwao Kern Type, ulio kwenye type.method.ac. Unapewa neno ambalo herufi zake zimetawanyika, unazisogeza mpaka uridhike, kisha unapewa alama kwa kulinganishwa na mpangilio wa mtaalamu. Unachezeka kwenye simu pia, na nakushauri uurudie hadi usogezaji wa herufi uwe tabia. Kwa anayepanga Kiswahili zoezi hili lina faida ya pekee. Chukua neno WATANZANIA kwa herufi kubwa, kama linavyoandikwa kwenye mabango ya sherehe na mikutano. W imelala upande mmoja na A upande mwingine, T ina mabawa juu na utupu chini, kwa hiyo WA, AT na TA huacha mapengo hata kama kompyuta imezipanga kwa umbali ulio sawa. Ukifika kwenye NI, nguzo mbili zilizosimama wima zinakaribiana mpaka zinaonekana kubanana. Fonti iliyotengenezwa vizuri huja na marekebisho ya jozi hizo ndani yake. Nyingi za bure zisizo na mwenyewe anayejulikana haziji nayo. Kwenye kadi ndogo huenda mtu asigundue, lakini kwenye bango la mita tatu neno linaonekana kama limevunjika vipande viwili. Sasa fikiria ni mara ngapi Kiswahili kinaandika WA, YA, KWA na TAWA. Kwenye Inkscape, programu ya bure ya michoro, na hata kwenye nyingi za kulipia, weka alama ya kuandikia katikati ya herufi mbili, shikilia kitufe cha Alt na ubonyeze mshale wa kushoto au wa kulia. Fanya hivyo kwa kila kichwa cha habari kilicho kikubwa.

Watengenezaji wa mchezo huo wana mwingine, The Bézier Game, unaofundisha kuchora mikunjo kwa kalamu ya programu za michoro. Ucheze kabla hujajaribu kuchora nembo yoyote.

Kwa fonti zenyewe, nenda Google Fonts, hazina iliyofunguliwa 2010. Fonti zake zote zina leseni huria, nyingi zikiwa na leseni ya SIL (shirika la kimataifa la lugha), ambayo inakuruhusu kuzitumia kwenye kazi ya biashara, kuziweka ndani ya PDF na hata kuzibadilisha, mradi usiiuze fonti yenyewe peke yake kama bidhaa. Jambo hili ni zito kuliko vijana wengi wanavyodhani. Tovuti nyingi za fonti za bure zina maelezo kwamba matumizi yanayoruhusiwa ni ya binafsi tu, na ukitengeneza nembo ya mteja kwa fonti ya namna hiyo unamwachia mteja deni asilolijua. Soma leseni kabla ya kupakua, kila mara. Ndani ya tovuti hiyohiyo kuna sehemu iitwayo Google Fonts Knowledge, yenye makala fupi na kamusi ya istilahi za taipografia. Lugha yake ni rahisi na michoro yake inaeleweka.

Miongoni mwa fonti za humo iko moja inayoitwa Andika, iliyotengenezwa na SIL kwa ajili ya watu wanaoanza kujifunza kusoma. Herufi I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 zinatofautiana waziwazi, na a yake inafanana na ile ambayo mtoto anafundishwa kuiandika darasani. Ukipata kazi ya kitabu cha watoto au kipeperushi cha elimu ya watu wazima, anza nayo. Na ukiishi Pwani au Zanzibar, mteja wa kadi ya harusi au ya hitma hatakosa kukuomba Bismillahi kwa herufi za Kiarabu. Pakua Amiri, fonti ya Khaled Hosny iliyofuata herufi za naskhi, mwandiko wa Kiarabu wa vitabuni, za kiwanda cha uchapaji cha Bulaq, Cairo. Kisha hakikisha herufi zimeungana na zinasomeka kutoka kulia kwenda kushoto, kwa maana baadhi ya programu zisipowekwa vizuri huzitenganisha na kuzigeuza. Inkscape inaziunganisha yenyewe. Mwonyeshe anayesoma Kiarabu kabla ya kupeleka kazi kuchapwa. Maneno hayo ni matukufu kwa mteja wako na hayavumilii makosa.

Ukishapata misingi hii, jicho linahitaji kulishwa kwa kutazama kazi za wengine. Fonts In Use, iliyoanza 2010, ni kumbukumbu ya kazi halisi, yaani vitabu, mabango, vifungashio na majalada ya santuri, na kila moja imetajiwa fonti zilizotumika. Naipenda kuliko Pinterest kwa sababu Pinterest hukuonyesha picha tu bila kukuambia imetengenezwaje. Letterform Archive ya San Francisco nayo imeweka sehemu ya hazina yake mtandaoni bure, kwa picha safi ambazo unaweza kuzikuza hadi ukaona wino ulivyoingia kwenye karatasi. Kwa upande wa Afrika, mtafute Saki Mafundikwa wa Zimbabwe, aliyeanzisha chuo cha ZIVA mjini Harare. Mhadhara wake wa TED wa 2013 kuhusu mifumo ya maandishi ya Kiafrika ni mfupi, na ulinifungulia njia ya kufikiri ambayo kozi za Marekani hazikuwahi kunionyesha. Tena usidharau kanga zilizoko nyumbani. Jina la kanga ni sentensi nzima iliyobanwa katika mstari mmoja juu ya pindo la chini, na aliyeipanga amelazimika kuamua upana wa herufi ili maneno yaenee bila kubanana. Piga picha kadhaa na ulinganishe.

Kuhusu kozi kamili, iliyo bora kwa kiwango chako ni ya chuo cha CalArts kwenye Coursera, tovuti ya kozi za mtandaoni, yenye masomo matano, likiwamo la misingi ya usanifu wa grafiki na la utangulizi wa taipografia. Coursera ina utaratibu wa kuomba msaada wa ada. Jaza fomu kwa ukweli, eleza kipato chako na sababu yako ya kusoma, kisha subiri majibu. Usichukue masomo yote kwa mpigo. Kwa YouTube, mfululizo wa Gareth David unafundisha misingi kwa utaratibu mzuri, na Logos By Nick ndiye mwalimu wa Inkscape ninayempendekeza kwa yeyote anayeanza. The Futur ya Chris Do ina mengi kuhusu bei na mazungumzo na wateja. Iache mpaka uwe na mteja. Bando likiwa tatizo, hifadhi video ukiwa kwenye Wi-Fi, na upunguze ubora wake pale ambapo mwalimu anazungumza tu.

Programu sasa. Kwa kompyuta yako, Inkscape inatosha kwa nembo, mabango na kadi. Scribus ni ya kurasa nyingi, na inatoa PDF ya rangi za CMYK, yaani wino nne za uchapaji, ambayo wachapaji wanaihitaji. Photopea inafungua faili za Photoshop ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote. Canva ni nzuri kwa tangazo la haraka la WhatsApp, lakini violezo vyake vingi vimepimwa kwa vichwa vifupi vya Kiingereza. Ukibandika "Tunawakaribisha nyote kwenye uzinduzi" mahali palipokuwa na maneno mawili, mpangilio wote unavurugika, na asiyejua taipografia hupunguza ukubwa wa herufi mpaka kichwa kinalingana na maelezo. Hapo badilisha mpangilio wenyewe: pasua kichwa katika mistari miwili kwa kufuata maana, "Tunawakaribisha nyote" juu na "kwenye uzinduzi" chini, au chagua fonti iliyo nyembamba zaidi. Kabla ya kupeleka kazi Kariakoo au kwa mchapaji mwingine yeyote, hakikisha picha zina nukta 300 kwa inchi, rangi ya mandharinyuma imevuka ukingo wa ukurasa kwa milimita 3 kila upande, na fonti zimewekwa ndani ya PDF.

Kuhusu cheti, nitajibu kama mtu anayepokea vijana wa kumsaidia kazi. Sijawahi kumkataa mtu kwa kukosa cheti, ingawa najua ofisi za serikali na mashirika makubwa huvitaka, kwa hiyo ukikipata kihifadhi. Mimi huomba kazi chache, na mojawapo iwe kipeperushi cha Kiswahili chenye maandishi mengi, mathalani maelekezo ya chanjo au kanuni za kikundi cha kuweka akiba, kwa sababu bango la maneno manne halinionyeshi kama mtu anajua kupanga aya. Leta PDF iliyo tayari kwa kuchapwa pamoja na faili yake ya asili, ili niifungue nione kama mitindo ya aya, yaani mipangilio iliyohifadhiwa ya kutumiwa kwa aya zote za aina moja, imewekwa kwa utaratibu au kila mstari umepangwa peke yake kwa mkono.