Kabla hujarudisha kuku bandani, nenda kwa jirani

Juzi dada mmoja wa Kigamboni ameniandikia: "Dada, kuku wangu wameisha. Walianza kuzubaa Jumatatu, kinyesi cha kijani, mabawa yameshuka, shingo zinajinyonga, Jumapili banda tupu. Nimepata hela ya kikoba, nataka nirudishe wengine wiki hii hii. Ninunue kienyeji au chotara?"

Mdogo wangu, pole sana. Najua uchungu wa kuamka asubuhi husikii jogoo. Lakini swali la kienyeji au chotara liweke pembeni kwanza. Hizo dalili ulizonitajia, kinyesi cha kijani, mabawa kushuka, shingo kujinyonga, zinaelekea kabisa kwenye mdondo, kideri kama wengine mnavyosema, na mdondo haubagui. Chotara kama Kuroiler anakufa, Sasso anakufa, na kuku wa bibi aliyetoka Singida kwenye tenga naye anakufa. Dawa ya kuutibu hakuna. Anayekuuzia vidonge vya kutibu mdondo anakula hela yako.

Mimi nafugia uani, Kihonda, Morogoro. Nia yangu tangu mwanzo ni kwamba mboga ya nyumba hii isitegemee sokoni. Nina matembele ukutani, mchicha kwenye viroba, mayai ya watoto, na jogoo wa sikukuu. Samadi ya kuku naiacha ioze vizuri kabla ya kuipeleka kwenye mchicha, maana mbichi inaunguza mizizi. Majani yaliyokomaa yanarudi kwa kuku. Mzunguko huo ukishakaa sawa, hela ya mboga unaiona inabaki. Na kuku wakiisha, unaona nyumba nzima inavyoyumba.

Walishawahi kuniisha. Ilikuwa kipindi cha mgao wa umeme. Duka moja la dawa za mifugo, jina naliacha, liliniuzia La Sota, ile chanjo ya kuchanganya kwenye maji. Nilifuata kila kitu. Kuku niliwanyima maji mpaka wakawa na kiu ya kweli, nikatumia maji ya kisima kwa sababu klorini ya bombani inaua chanjo, vyombo nikavisuuza bila sabuni, na wakamaliza kunywa ndani ya saa mbili. Haikupita muda mrefu wakaanza kudondoka. Baadaye kijana wa pale dukani ndiye aliyenitobolea siri: friji ilikuwa imezima siku kadhaa, na tajiri wake akakataa chanjo zisitupwe. Ile ni chanjo ya virusi hai, inataka ubaridi muda wote. Ikipata joto inakufa, kuku wanakunywa maji matupu. Nilipomfuata mwenye duka akaniambia kuku wangu "walikuwa dhaifu". Dhaifu! Kuku niliowatoa kwenye yai mwenyewe. Mpaka leo nikipita mbele ya duka lile kifua kinanibana.

Aliyenisaidia ni bwana mifugo wa kata. Akaniambia nitumie I-2, chanjo nyingine ya mdondo, ya kudondosha jichoni, ambayo inavumilia joto kuliko La Sota. Inatengenezwa hapa hapa nchini, Kibaha, na watu wa Wakala ya Maabara ya Veterinari. Haimaanishi uiache juani, hapana. Ibebe kwenye kitambaa kibichi au kwenye chupa ya chai yenye barafu. Lakini umeme ukikatika siku moja, hujapoteza kila kitu.

Kuichanja ni kazi ya watu wawili. Mmoja anamkumbatia kuku ubavuni, mabawa yamebanwa, kichwa amekilaza upande. Mwingine anashika kichupa wima, kiwe wima kabisa, maana ukikilaza tone linabadilika ukubwa. Tone moja, jicho moja. Usimwachie hapo hapo. Subiri apepese, ulione tone limeingia. Kifaranga anapewa tone lile lile analopewa jogoo. Kuku mgonjwa humchanji. Halafu unarudia kila miezi 3, na ya kabla ya kiangazi usiikose kwa lolote, kwa sababu ndiyo miezi ambayo mdondo unatembea sana.

Sasa nifike ninapotaka kufika. Kichupa kimoja cha I-2 kinatosha mamia ya kuku, na kikishafunguliwa na kuchanganywa hakilali. Wewe una kuku ishirini. Kilichobaki unamwaga? Mimi nilikuwa namwaga, huku kuku wa jirani wanapita chini ya uzio kuja kuchakura mchicha wangu! Nikasema hapana. Nikaanza na bibi wa nyumba ya pili, ambaye kuku wake wanalala mpaka jikoni.

"Shikamoo bibi. Nimekuja kuwachanja kuku wako, bure."

"Marahaba mwanangu. Kuku ni wa Mungu. Kideri kikija kimekuja, kikiondoka kimeondoka."

Sikubishana naye. Nilirudi jioni kuku wakiwa wameshaingia, mjukuu wake akawa ananishikia, bibi anatuangalia kutoka kwenye mkeka bila kusema neno. Tuliporudi mara ya pili alikuwa ameshawafungia mwenyewe, anatusubiri. Siku hizi mtaa wetu una tarehe. Tunachanga hela ya kichupa, inakuwa kidogo sana kwa kila nyumba, tunapita mlango kwa mlango kuanzia saa kumi na mbili jioni.

Mwaka huu mdondo umefika mtaa wa juu, tulikuwa tunaona mizoga mtaroni. Kwetu umepita. Bibi kuku wake wapo. Wangu wapo, na tetea mmoja ameangua juzi. Najivunia hilo kuliko yai lolote nililowahi kuuza, na sioni aibu kulisema.

Kwa hiyo wewe unayeota kujitegemea kwa ukuta mrefu na geti la chuma, sikia. Mdondo unaingia kwa viatu vya mgeni, kwa tenga la muuza kuku, kwa trei la mayai uliloazima. Unaingia kwa kuku wa bei ya kutupa, yule ambaye mwenyewe anamuuza haraka kabla hajamfia. Ukiona bei ya kuku imeshuka ghafla mtaani, usinunue, na nakuomba wewe pia usiuze wa kwako wanaoumwa. Unampelekea mwenzio msiba kwa hela ya sukari.

Dada wa Kigamboni, hela ya kikoba itunze. Mizoga fukia kwa kina, mbwa wasifukue. Maranda yote toa uchome, banda fagia, osha, paka chokaa, fungua jua liingie, liache tupu angalau mwezi. Mwezi huo ndio wa kuzunguka kwa majirani, kuuliza nani ana kuku na nani atachangia kichupa. Ukinunua, nunua tembe wachache kwa mtu unayemjua, waliochanjwa si chini ya wiki 2 kabla ya kuwahamisha. Kienyeji au chotara tutaongea hapo, ukishanitajia tarehe mliyokubaliana mtaani kwenu.